Kijani cha sarafu: kipi ukiache, kipi ukiwahi

Mimi ni fundi saa hapa Mwanga, Kigoma. Kwa kuwa nina lenzi na kibano, watu huniletea na sarafu za kale: hela za Mjerumani, senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, senti tano ya 1966 yenye samaki. Hazimtajirishi mtu. Na karibu wote huja na neno moja: "Fundi, ing'arishe."

Siing'arishi. Nikiwa kijana niliisugua hela moja ya babu, ya mwaka 1912, kwa ndimu na majivu. Ilitoka ya waridi kama ngozi changa chini ya kidonda, na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA yanayozunguka taji yakabaki kivuli. Ile rangi ya kahawia niliyoiita uchafu ndiyo iliyokuwa ngozi yake. Mnunuzi akiona sarafu imesuguliwa, bei inashuka hapohapo. Basi ndimu, siki, soda, dawa ya meno na stilwaya viache jikoni na bafuni.

Anza kwa kuangalia. Iweke sarafu juani, uguse kijani, ule ukoga unaoota juu ya shaba, kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kikiwa kigumu, cheusicheusi, kimeshikana na hakitoi unga, kiache, hakina haraka na wewe. Kikiwa kimepauka na kinamomonyoka unga, huku chini yake kuna kishimo, hiyo ni shaba inayougua. Ndani mna chumvi, na kila inapopata unyevu inaendelea kula. Kuna na kijani cha tatu, cha kunata kama jasho, kinachotokana na vifuko laini vya plastiki. Hicho kinatoka kwa asetoni tupu, kiyeyusho kinachoshika moto haraka. Dawa ya kufutia rangi ya kucha haifai, nyingi zina manukato na mafuta. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na jiko.

Mwaka jana mama mmoja wa Uvinza aliniletea hela sita zilizofungwa kwenye kitambaa. Uvinza ni kwenye chumvi, na nyumbani kwao kitambaa kilikaa miaka mingi ndani ya gunia la chumvi. Nne zilikuwa na ule unga.

Nilizilaza kwenye bakuli la kioo, kila moja peke yake, kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi. Hapa uwe makini: dukani utaomba "maji ya betri", na mwenye duka anaweza kukupa asidi. Mwambie ya kuongezea, na usome chupa mwenyewe. Maji ya bomba yana klorini na chumvichumvi, ndiyo maana siyatumii. Nilibadilisha maji kila siku wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku tatu, kwa muda wa miezi miwili. Udongo ukishalainika, nausukuma kwa kijiti cha mti chini ya lenzi, kidogokidogo, kutoka ukingoni mwa herufi kwenda nje. Sindano hapana. Mkono ukiteleza mara moja tu, umechora mstari wa milele.

Mtu akikwambia tumia magadi, hajakosea sana. Wahifadhi wa makumbusho hulaza shaba inayougua kwenye dawa ambayo kikemia ni magadi yaliyosafishwa. Lakini haya ya kupikia maharage yana chumvi ndani yake, na chumvi ndiyo tunayoikimbia.

Ukitoa sarafu majini, ikandamize kwa kitambaa cha pamba, usiifute. Iache karibu na balbu mpaka ikauke hadi kwenye herufi. Halafu ijaribu: iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na pamba iliyoloweshwa, visigusane, siku mbili. Unga ukirudi, rudi kwenye bakuli. Moja ya zile nne ilirudi mara tatu.

Wa Tabora nisiwasahau: hela za 1916 zenye herufi T zilipigwa huko kwenye karakana ya reli, vita ikiwa imepamba moto. Nyingi zilitoka na chapa hafifu tangu siku ya kwanza. Usichokonoe ukitafuta herufi ambazo hazikuwahi kuwapo.

Kuhifadhi ni bahasha ya karatasi, kopo kavu, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi la viatu. Shika sarafu kwa kingo, maana jasho nalo ni chumvi.

Yule mama alikuja kuchukua hela zake Jumamosi. Akazipokea, akazitazama, akasema, "Mbona hazing'ai?" Kisha akatoa kwenye pochi kitambaa kilekile, aanze kuzifunga. Nikamshika mkono. "Mama, hizo chukua. Kitambaa niachie mimi."