Somo: Namna ya kuendesha mafunzo kazini kwa wafanyakazi wa maktaba ndogo

Ndugu wanachama,

Kila mmoja wetu aliingia maktabani kwa njia yake. Wapo waliosomea ukutubi Bagamoyo, katika chuo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na wakarudi na cheti au stashahada. Wapo walimu waliokabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule huku vipindi vyao vya darasani vikibaki palepale. Na wapo walioajiriwa kama wahudumu, wakajifunza kila kitu wakiwa wamesimama mbele ya rafu. Somo hili ni la msimamizi mwenye wafanyakazi wa aina hizo zote chini ya paa moja, ambaye hana fungu la kuwapeleka semina lakini anataka kazi yao iwe bora mwaka huu kuliko mwaka jana.

Msimamo wangu ni kwamba mafunzo yanayodumu ni yale yanayofanyika juu ya vitabu vyenu wenyewe na kuanzia kwenye makosa yenu wenyewe. Niliwahi kuhudhuria semina ya siku kadhaa iliyoandaliwa vizuri sana, na wakufunzi walijua kazi yao. Niliporudi kituoni niliwakuta wenzangu ambao hawakusikia hata neno moja la yale niliyofundishwa, nikashika kazi zilizonisubiri, na haukupita muda mrefu nikawa nimerudia desturi ya zamani. Elimu ya mtu mmoja haibadilishi maktaba kama wenzake hawakushirikishwa.

Hatua ya kwanza: kagua rafu kabla ya kumkagua mtu. Chagua rafu moja yenye vitabu kama 50. Chukua kila kitabu uangalie mambo matatu: kama kipo mahali pake, kama lebo yake inasomeka, na kama kimo katika orodha ya maktaba. Andika makosa unayoyakuta, lakini usiandike nani aliyeyafanya. Mfanyakazi akihisi kwamba anatafutwa yeye, ataficha makosa, na yakifichwa hutakuwa na cha kufundishia.

Hatua ya pili: chukua kosa moja ulifanye kuwa somo zima. Katika maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni la nukta. Historia ya Kenya iko 967.62 na historia ya Tanzania iko 967.8. Mpe mhudumu mpya vitabu hivyo viwili avipange, na kuna uwezekano mkubwa kwamba ataitanguliza Tanzania, kwa sababu machoni pake nane ni ndogo kuliko sitini na mbili. Hakosi kwa uzembe; anasoma namba kama anavyosoma bei sokoni. Mfundishe kusoma tarakimu moja moja baada ya nukta: sita kwa nane, na sita inatangulia, basi Kenya inakaa kabla ya Tanzania. Kisha mpe vitabu kumi vilivyochanganywa avipange mezani, umwache amalize bila kumsemesha, halafu mkague pamoja. Atakayeona mwenyewe mahali alipoteleza hatasahau, na kesho ataweza kumwelekeza mwenzake.

Hatua ya tatu: tenga muda unaojulikana. Saa moja kwa wiki inatosha, kabla ya milango kufunguliwa. Iandikwe kwenye ratiba ya kazi.

Hatua ya nne: andikeni maamuzi yenu. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Tumchukue Shaaban Robert. Shaaban ni jina lake, na Robert ni jina la baba yake. Mfanyakazi mmoja, akifuata kanuni ya kutanguliza jina la mwisho, anaandika «Robert, Shaaban». Mwingine, anayemfahamu mwandishi huyo kwa jina ambalo kila mtu hulitaja, anaandika «Shaaban Robert». Wa tatu anaandika «Shabani» kwa tahajia aliyoizoea mtaani kwao. Mwanafunzi akitafuta, anapata vitabu viwili kati ya sita mlivyonavyo, na anaondoka akiamini kwamba hamna zaidi. Kaeni pamoja muamue umbo moja, muweke na kielekezo kwa yule atakayetafuta kwa umbo jingine: «Shaaban Robert, tazama Robert, Shaaban». Uamuzi huo uandikwe katika daftari linalokaa mezani, pamoja na mengine ya aina yake, kama lile la majina yenye «bin», ambapo Muyaka bin Haji anawekwa chini ya Muyaka. Daftari hilo litamfundisha mfanyakazi mpya hata siku ambayo wewe uko likizo.

Hatua ya tano: fundisheni mazungumzo ya kaunta. Mwanafunzi anakuja na kusema, «Naomba kitabu cha historia.» Mhudumu asiyefundishwa anamwonyesha rafu kwa kidole. Aliyefundishwa anamuuliza kwa upole, «Unataka kusoma juu ya nini hasa?» Inadhihirika kwamba amepewa zoezi kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, tena anahitaji maelezo ya sababu zake tu. Maswali mawili yamemwondolea kazi ya kupekua rafu nzima. Igizeni mazungumzo haya ninyi kwa ninyi, mmoja awe msomaji na mwingine mhudumu, kisha mbadilishane.

Hatua ya sita: baada ya miezi mitatu, rudieni ukaguzi wa rafu ileile mlinganishe na ule wa kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga: Tuko wawili tu. Tukikaa darasani, nani atawahudumia wasomaji?*

Ndiyo maana nimependekeza muda wa kabla ya kufungua. Ikishindikana, gaweni saa hiyo iwe vipande vya dakika 15, na somo lifanyike palepale kaunta juu ya vitabu vilivyorudishwa siku hiyo. Kila kitabu kinachorudi rafuni ni zoezi.

*Mwanachama wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Nina mama mtu mzima kazini, mwenye uzoefu kuniliko, ila anaiogopa kompyuta. Nitamfundishaje bila kumvunjia heshima?*

Marahaba. Mwanzie kwenye kile anachokijua kuliko wewe. Mwombe awafundishe vijana jinsi ya kushona vitabu vilivyochanika au jinsi ya kutunza kadi za orodha, na kikao hicho kiwe chake. Baadaye keti naye ninyi wawili tu, pasipo na mtazamaji, umwonyeshe kwamba uga wa jina la kitabu kwenye skrini ni ule mstari ambao ameuandika kwenye kadi kwa miaka yote. Mwache yeye ashike kipanya, wewe uweke mikono yako mapajani.

*Mwanachama wa Dodoma: Tunataka kujifunza Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, lakini intaneti yetu inakatika kila mara.*

Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, haina ada ya leseni na haihitaji intaneti ili ifanye kazi ndani ya jengo. Kompyuta moja inawekwa kama seva, na nyingine zinaunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani. Mtafuteni fundi anayeufahamu mfumo wa kompyuta wa Linux awasaidie kuisakinisha, na mjiwekee utaratibu wa kutoa nakala rudufu kila siku kabla ya kufunga. Wakati mnamsubiri, jizoezeni kwenye karatasi namba za uga zinazotumika kuorodhesha kitabu katika Koha: 100 kwa mwandishi, 245 kwa jina la kitabu, 020 kwa ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu. Mkishazizoea namba hizo, skrini haitawatisha.

*Mwanachama wa Morogoro: Je, mafunzo haya yanatambuliwa na mwajiri?*

Hayatoi cheti, na anayehitaji cheti hana budi kwenda chuoni. Lakini fungueni jalada la mafunzo lenye tarehe, mada, waliohudhuria na matokeo ya ukaguzi wa rafu kabla na baada. Mfanyakazi anayeomba ruhusa au ufadhili wa kwenda masomoni aambatanishe nakala ya kurasa zake, na msimamizi azitumie wakati wa kujaza fomu za tathmini ya utendaji.