Somo: Kupanda mikoko Ghuba ya Chwaka, kila mti na mahali pake

Assalaam alaykum wanachama. Mikoko ni miti ya aina nyingi, lakini vikundi vingi vinachukua mbegu za aina moja tu, ile iitwayo mkoko, na kuzichomeka popote penye tope. Miche inakufa, watu wanavunjika moyo. Inaniuma, kwa sababu Ghuba ya Chwaka ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Unguja, na Zanzibar nzima ina aina zipatazo 10. Tujue kwanza nani anakaa wapi.

Hatua ya 1: Tembea msituni maji yakipwa. Anzia upande wa bahari, rudi nchi kavu, ukitazama mizizi. Mbele kabisa utamkuta mlilana. Mizizi yake minene inachomoza topeni imesimama wima, na tunda ni la duara. Nyuma yake mkoko, na mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu iliyotanuka. Msinzi (wengine huuita muia) mizizi yake hujikunja magoti, na ua lina kikombe chekundu. Mkandaa ni mwembamba, ndio wenye fito, na gome lake hutumika kutia rangi. Mchu hustahimili chumvi nyingi, kwa hiyo utaukuta hata juu kule ambako maji hufika wakati wa bamvu tu, yaani maji makubwa ya mwezi. Lamba jani lake mchana wa jua kali, utaionja chumvi yenyewe. Mkomafi utaujua kwa tunda lake kubwa la mviringo.

Hatua ya 2: Uliza kwa nini hapo mnapotaka kupanda hapana miti. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwangu ndiyo kubwa. Kama barabara au tuta limezuia maji, fungueni njia ya maji kwanza. Mara nyingi mbegu zitaletwa na bahari yenyewe. Kama ni uwanda wa majani ya bahari, msipande. Pale ni malisho ya samaki, na miche haitadumu.

Hatua ya 3: Mbegu. Chukua iliyokomaa, inayoachia ukiigusa tu. Yenye matundu ya wadudu iache.

Hatua ya 4: Panda. Maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala kupwa sana, ni wakati mzuri. Mbegu ndefu, kama ya mkoko, izamishe theluthi yake topeni, chipukizi juu, na uache mita moja kati ya mbegu na mbegu. Mbegu ndogo za mlilana na mchu zioteshwe kwanza kitaluni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Ufuko wetu wa mchanga unaliwa na mawimbi. Tupande mikoko?*
Marhaba. Hapana, dada. Penye wimbi la wazi mbegu hung'oka. Mikoko inataka ghuba au mkondo uliotulia.

*Kaa wanatafuna mbegu zetu usiku.*
Ziwekeni kivulini siku chache kabla ya kupanda. Zikinyauka kidogo kaa hawazipendi sana. Pandeni na za ziada.

*Msitu wetu umekatwa kwa kuni na boriti. Utarudi wenyewe?*
Inategemea mti, kaka. Mchu na mlilana hukatwa ikachipua tena. Mkoko na mkandaa ukikata shina chini ya majani, umeua. Kwa hiyo hesabuni visiki kwa aina: penye vya mchu, zuieni panga na msubiri, penye vya mkoko, tazameni kama mti wa mbegu umebaki karibu. Kama haupo, hapo ndipo pa kupanda.