Namna ya Kuzisoma Kanuni za Maadili ya Taaluma Yako Kabla Hujabanwa

Wanataaluma wengi hutia saini kanuni zao za maadili siku ya kusajiliwa, kisha hawazifungui tena mpaka wafikiwe na barua ya kuitwa kujieleza. Mimi ni mhasibu, na nimekaa kwenye kamati ya nidhamu, upande wa meza wa wanaouliza maswali. Wezi hasa huwa wachache mbele yetu. Wengi ni watu waliokubali jambo dogo, wakakubali na la pili, na lilipofika la tatu hawakuwa na neno la kukatalia. Neno hilo hutafutwa mapema, na nitakueleza pa kulitafuta.

Ruka dibaji. Uadilifu, weledi, heshima, utumishi: hayo hata tapeli atayasaini bila kusita. Nenda moja kwa moja mahali wajibu mmoja unapogongana na mwingine, utazame nani anatangulia. Chama cha wahandisi wa Marekani, National Society of Professional Engineers, kinaweka usalama, afya na ustawi wa umma juu ya yote. Mwajiri na mteja wanakuja baadaye. Sisi wahasibu tuna kanuni za kimataifa zenye misingi mitano: uadilifu, kutoegemea upande, umahiri na umakini, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Yote mizuri, ila usiri na uadilifu havikai pamoja kwa amani siku unapogundua kwamba mteja anavunja sheria. Mwaka 2016 bodi inayotunga kanuni hizo ilitoa maelekezo mapya, yakaanza kutumika Julai 2017, yanayomruhusu mhasibu katika mazingira fulani kuuweka usiri kando na kutoa taarifa kwa mamlaka husika. Aliyehitimu kabla ya hapo na hakusoma tena anaitii kanuni iliyokwisha kubadilika. Basi angalia na tarehe ya toleo ulilo nalo.

Sasa chukua kalamu, na pembeni ya kila kifungu andika kinamlinda nani: umma, mteja, au sisi wenyewe. Kundi la tatu litakushangaza kwa ukubwa. Chama hichohicho cha wahandisi kiliwahi kuwa na kifungu kinachowakataza wanachama kushindania kazi kwa bei. Kilijitetea kwamba bei ya chini huzaa majengo hatari. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa utetezi huo na kusema kifungu hicho kinaua ushindani kinyume cha sheria. Sisemi kila kifungu kinachotuhusu wenyewe ni kibaya. Kumkataza mtu asimchafulie mwenzake jina ovyo kuna sababu. Ila ukikuta unatakiwa kunyamaza juu ya mwenzako asiyejua kazi, eti kwa ajili ya heshima ya taaluma, kiwekee alama nyekundu.

Hatua ninayoisisitiza kuliko zote ni kutafuta mlango wa nyuma. Pitia kanuni zote ukiwinda maneno kama “isipokuwa kwa idhini ya” au “bodi inaweza kusamehe”. Kampuni ya nishati ya Marekani, Enron, ilikuwa na kijitabu cha maadili cha kurasa 64, toleo la Julai 2000, chenye utangulizi wa mwenyekiti wake Kenneth Lay. Ukikisoma utatamani kufanya kazi pale. Lakini mwaka uliotangulia, 1999, bodi ya wakurugenzi ilikuwa imeziweka kando kanuni zake ili mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe ubia wake binafsi uliokuwa ukifanya biashara na kampuni hiyohiyo. Hakuna aliyevunja dirisha usiku. Waliketi kikaoni, wakapiga kura, mambo yakaandikwa kwenye kumbukumbu. Desemba 2001 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Kwa hiyo uliza mambo matatu kuhusu kila msamaha: nani anautoa, unaandikwa wapi, na mtoaji anawajibika kwa nani nje ya jengo. Kama anayeomba na anayetoa wanakula meza moja, kifungu hicho usikihesabu.

Hapo pia ujue unashika kitabu kipi. Kanuni za kampuni ni mali ya mwajiri. Anaweza kuzibadilisha Jumatatu. Kanuni za taaluma zinakufuata hata ukihama kazi, na ndizo utakazoulizwa na kamati. Zikipingana, “bosi alisema” si jibu tunalolipokea, ingawa tunalisikia kila mara.

Baada ya kusoma, fanya mazoezi ya kusema. Usicheke. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni ya Marekani iliyotengeneza roketi za kurushia, akiwamo Roger Boisjoly, walipendekeza chombo cha anga cha Challenger kisirushwe kwa sababu baridi ingeharibu utendaji wa mipira ya kuziba maungio ya roketi. Mkuu wa uhandisi, Bob Lund, akaambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akageuza uamuzi. Kesho yake watu saba walikufa. Kila mhandisi pale alijua usalama wa umma unatangulia. Kujua hakukutosha, maana kanuni haina mdomo, na mkutanoni anayesikika ni mwenye mdomo.

Kwa hiyo tunga sentensi yako sasa, ukiwa umetulia. Yangu ni hii: “Siwezi kutia saini hii, kifungu fulani kinanikataza. Kama unaona nimekosea, niandikie maelekezo yako nami nitayajibu kwa maandishi.” Hapa kifungu kinakufaa sana, maana kinamwambia bosi kwamba hushindani naye yeye. Ombi la maandishi nalo hufanya nusu ya kazi: maagizo mengi mabaya hufa yanapotakiwa kuandikwa. Usiku huohuo weka kumbukumbu yenye tarehe, kilichosemwa, kifungu ulichokitaja na jibu ulilopewa. Usibebe majalada ya mteja kwenda nayo nyumbani. Utageuka mshtakiwa wewe. Kisha pigia simu chama chako uombe ushauri bila kutaja jina la mteja. Huduma hiyo ipo kwenye vyama vingi na wanachama hawaitumii.

Kuna siku kanuni zenyewe hazitatosha, na hili vyama havipendi kulisema. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, zilianza na ridhaa ya mtu anayefanyiwa utafiti. Hata hivyo, huko Tuskegee, Alabama, nchini Marekani, utafiti uliokuwa ukiwaacha wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende bila tiba, ulioanza 1932, uliendelea hadi 1972, ingawa penisilini ilikuwa tiba inayojulikana kwa miaka mingi. Peter Buxtun, mtumishi wa idara ya afya ya umma iliyouendesha, alilalamika ndani ya idara hiyo kuanzia 1966. Utafiti ulisimama baada ya habari kufika magazetini. Wakati mwingine kasoro imo ndani ya kifungu. Kanuni za mwaka 2002 za chama cha wanasaikolojia wa Marekani zilimruhusu mwanachama, maadili yakigongana na sheria au amri ya mamlaka bila kusuluhishika, kufuata amri. Mjadala wa wanasaikolojia kushiriki kuwahoji wafungwa wa vita dhidi ya ugaidi ulikionyesha kifungu hicho kilivyo hatari, na mwaka 2010 kikarekebishwa ili kisitumike kuhalalisha ukiukaji wa haki za binadamu. Kipimo changu ni rahisi: kifungu kinachonipa nafuu nakisoma kwa sauti nikimfikiria mtu atakayeumia. Nikishindwa kumsomea usoni, sikitumii.

Mwisho, ujue kamati inaweza nini. Tunaweza kuonya, kutoza faini, kusimamisha, kufuta usajili. Hatumfungi mtu, hatumlipi aliyeumia, wala hatukurudishii kazi ukifukuzwa kwa kusema kweli. Sheria za kumlinda mtoa taarifa hutofautiana baina ya nchi na nchi, na nyingi hukulinda tu ukipita njia iliyowekwa, basi muone mwanasheria kabla hujatuma chochote. Na kama aliyekuamuru si mwanachama wa taaluma yoyote, usipoteze wiki kumwandikia msajili, tutakurudishia barua. Mpeleke kwa mdhibiti wa sekta au polisi, na nakala ya kumbukumbu yako mkononi.