Kupima kama uamuzi wa kimkakati umeboresha huduma ya umma

Mipango mkakati mingi ya taasisi za umma imejaa "tutaboresha" na "tutaimarisha". Hayo ni matamanio. Uamuzi huonekana pale fedha au watumishi wanapotoka huku na kupelekwa kule. Andikeni sentensi moja: tunahamisha nini, kutoka wapi, ili kipungue nini, kufikia mwezi gani. Ikiwashinda kuiandika, bado hamna cha kupima.

Mwaka 1978 Miles na Snow, watafiti wa uongozi wa mashirika, waliyagawa mashirika mafungu manne: yanayosaka mambo mapya, yanayolinda yanachokijua, yanayochanganya hayo mawili, na yanayongoja kusukumwa. Mjue mko fungu lipi. La mwisho ndilo la kuogopa, na ofisi za umma huliangukia kirahisi, maana waraka wa leo hufuta wa jana.

Tuchukue dirisha la vyeti. Foleni ina watu 60, dirisha linapokea 20 kwa saa, basi wa mwisho atangoja karibu saa 3. Wakubwa wengi hukimbilia kufungua dirisha la pili. Kwanza hesabuni wanaorudishwa. Kama kati ya hao 20, watu 6 wanarudishwa kwa fomu pungufu, wanaomaliza ni 14 tu, na wale 6 kesho wamo tena kwenye foleni. Huenda mtumishi mmoja wa kukagua fomu mlangoni akasaidia kuliko dirisha jipya, tena bila samani wala kompyuta.

Kabla ya kugusa chochote, pimeni wiki 8 hadi 12: muda wa kungoja, wanaorudishwa, makosa kwenye vyeti, gharama kwa kila cheti. Wastani peke yake hudanganya. Tazameni pia muda ambao watu 9 kati ya 10 huwa wameshahudumiwa. Baada ya mabadiliko, pimeni miezi ileile ya mwaka, mkilinganisha na ofisi isiyobadilishwa. Vinginevyo mtajipongeza kumbe wateja ndio waliopungua.

Kipimo kikigeuzwa lengo, watu hukichezea. Hospitali za Uingereza zilipotakiwa kumaliza shughuli za wagonjwa wa dharura ndani ya saa 4, takwimu zilionyesha wengi wakiondolewa idara hiyo dakika chache tu kabla ya muda kutimia. Kwa hiyo kasi iandamane na kipimo kinachoivuta nyuma, mfano vyeti vilivyorudishwa kusahihishwa, na anayevihesabu asiwe yuleyule anayesifiwa kwa kasi.