Somo: Siku mbili Watamu na Arabuko-Sokoke kwa kufuata maji

Wageni wengi wa Watamu, pwani ya Kenya, huanza kuuliza hoteli. Mimi naomba uanze na mwezi, maana maji ndiyo yatakayokupangia siku.

1. Hesabu mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi hivi jioni. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu, yasiyokupwa wala kujaa sana, na saa ile ya kupwa imekuwa ya kujaa. Chagua bamvua.

2. Kufika. Matatu ya Mombasa–Malindi, ushuke Gede, kisha tuktuk hadi Watamu.

3. Asubuhi, ufuoni. Maji yakitoka, mchanga hujitokeza ukatembea hadi kwenye visiwa vya mawe. Vaa viatu, kwenye mawe kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Usiokote kombe wala matumbawe, hii ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Saa sita uwe umerudi. Niliwahi kuona vijana wawili wakirudi maji kifuani, mtoto begani, na hakuna aliyekuwa akicheka.

4. Alasiri, hori ya Mida. Fika saa nane, maji yanapoingia. Panda daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, usimame mwishoni, unyamaze. Tope huanza kung'aa, vijifereji vinajaa kimoja kimoja, kaa wanakimbilia mashimoni, na ndege waliokuwa mbali wanasogezwa na maji hadi karibu yako. Kuanzia Oktoba hadi Aprili wamo waliotoka Ulaya na Asia. Kwangu hapa panashinda ufuo wote.

5. Alfajiri ya siku ya pili, msituni. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, na lango lake liko karibu na Gede. Chukua kiongozi wa pale. Mtafute sengi, mnyama mdogo mwenye kiuno cha dhahabu: utasikia majani makavu yakichakurwa kabla hujaiona ile pua ndefu. Ukitoka, pitia magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2024.

Maswali ya wanachama

*Shukran mwalimu. Naweza kuingia msituni peke yangu? Kiongozi ni gharama.*
Usithubutu, ndugu yangu. Mna ndovu, na vichaka ni vizito. Utamwona akiwa hatua chache tu. Tena bila kiongozi utapita chini ya bundi mdogo wa Sokoke, aliyelala kama jani kavu, usimjue.

*Maji ya kunywa nibebe ya chupa?*
Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Beba chupa ya kujaza tena.

*Dada yako nauliza mavazi. Kijijini ni Waislamu?*
Wengi, dada, pamoja na Wagiriama. Nguo za kuogea ziishie ufuoni; ukipanda kijijini jifunge kanga, na mwanamume asipite kifua wazi. Ukikuta wavuvi wanagawana samaki, salimia kwanza. Picha omba baadaye.

*Nina likizo wakati wa maji mafu tu. Niahirishe?*
Usiahirishe. Visiwa hutavifikia kwa miguu, lakini anza na msitu, kisha uchukue mtumbwi Mida asubuhi maji yakiwa yamejaa.