Kuifanya biashara ndogo ionekane kwenye Google Maps: hatua tulizopitia katika chumba cha ushonaji Kariakoo

Mama yangu mdogo anashona nguo Kariakoo, katika chumba kilichopo ghorofa ya pili ya jengo lenye maduka mengi, ambako mteja asiyeujua mlango huweza kupita chini mara tatu bila kufahamu kwamba juu kuna cherehani nne zinazofanya kazi. Hivi karibuni nilikaa naye tukaurekebisha wasifu wa biashara yake kwenye Google, yaani yale maelezo yanayotokea pamoja na ramani mtu anapoandika "fundi nguo Kariakoo" kwenye simu. Hatua ninazieleza kwa mpangilio tuliofuata, na hatua ya uthibitisho nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ilitumaliza siku nyingi pasipo sababu ya msingi.

Google yenyewe hueleza kwamba mpangilio wa matokeo ya karibu hutegemea mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kinachotafutwa, umbali wake kutoka alipo anayetafuta, na kiasi inavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha. Anayekuahidi kukununulia nafasi ya kwanza katika matokeo hayo ya kawaida hana anachokuuzia, kwa kuwa nafasi hizo haziuzwi.

Hatua ya kwanza: tafuta kama wasifu upo tayari

Andika jina la biashara kwenye Google Maps, kisha tafuta pia kwa jina la zamani na kwa namba ya simu. Wasifu wa mama mdogo ulikuwepo. Uliwahi kufunguliwa na kijana aliyelipwa kwa kazi hiyo, akatumia barua pepe yake mwenyewe, kisha akahama mji. Usifungue wa pili juu ya ule wa kwanza, maana maoni ya wateja yatagawanyika na mmojawapo unaweza kuondolewa. Omba umiliki kupitia wasifu huo huo. Anayeushikilia hupewa siku 3 za kujibu, na akinyamaza unaweza kupewa nafasi ya kuudai kwa kuthibitisha kwamba biashara ni yako.

Ninasisitiza jambo moja: mmiliki mkuu wa wasifu awe mwenye biashara, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe kwenye simu yake. Wewe unayemsaidia, hata kama ni mwanawe wa kumzaa, ongezwa kama msimamizi tu.

Hatua ya pili: jina na aina ya biashara

Jina liwe lile lililoandikwa kwenye kibao cha mlangoni, neno kwa neno. Wengi huongeza "bei nafuu", "magauni ya harusi" na jina la mtaa wakitarajia kupanda juu, lakini hilo linakiuka kanuni za Google na linaweza kuufanya wasifu usimamishwe. Mahali halali pa kueleza unachofanya ni kwenye aina ya biashara, ambako unachagua moja kuu na nyingine zisizozidi 9. Chagua kuu kwa makini na uache zile ambazo huzifanyii kazi kila wiki.

Hatua ya tatu: alama kwenye ramani

Vuta picha ya setilaiti karibu kabisa, uiweke alama juu ya mlango wa kuingilia wa jengo. Kwenye anwani andika jina la mtaa, jina la jengo na ghorofa, kisha katika maelezo, ambayo hayapaswi kuzidi herufi 750, eleza ngazi ziko upande gani na unashona nini, kwa Kiswahili ambacho mteja wako anakizungumza.

Hatua ya nne: uthibitisho kwa video

Njia ya uthibitisho huchaguliwa na Google. Sisi tulitakiwa kurekodi video, na video yetu ilikataliwa mara mbili bila maelezo yaliyotusaidia kujua kosa. Mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, wanataka tuwaonyeshe nini ambacho hawakioni?" Swali hilo ndilo lililonirudisha kuyasoma masharti upya, na nikagundua kwamba wanataka mambo matatu katika mkupuo mmoja usiokatwa: kwamba mahali hapo papo kweli, kwamba biashara hiyo inafanyika hapo, na kwamba anayerekodi ana mamlaka nayo.

Mara ya kwanza tulianza kurekodi tukiwa ndani, tukaonyesha cherehani na vitenge vizuri kabisa, lakini hapakuwa na chochote kinachoonyesha kwamba chumba kile kiko Kariakoo na si kwingineko. Mara ya pili tulianzia nje, ila ilikuwa jioni, giza limeshaingia na maandishi hayasomeki. Zaidi ya hayo, kibao kilikuwa na jina fupi huku wasifu ukiwa na lile refu aliloliandika yule kijana. Kwa hiyo sahihisha jina kabla ya kurekodi, kwa sababu kubadilisha jina au anwani baada ya kuthibitishwa kunaweza kukurudisha kwenye uthibitisho tena.

Mara ya tatu tulifanya hivi. Tulisubiri asubuhi, mtaa ukiwa na mwanga na watu wachache. Tulianza kwenye kibao cha jina la mtaa, tukageuza simu taratibu kuonyesha maduka ya jirani na sura ya jengo, tukapanda ngazi bila kusimamisha kurekodi, tukatua kwa sekunde kadhaa mbele ya kibao cha mlangoni. Kisha mama mdogo akafungua kufuli kwa ufunguo wake, na hilo naliona kuwa na uzito kuliko karatasi yoyote, kwa sababu mpita njia hawezi kulifanya. Ndani tulionyesha cherehani, nguo zilizokatwa, daftari la vipimo likiwa limefungwa, na leseni ya biashara ukutani kwa umbali unaotosha kusoma jina la biashara peke yake. Namba ya mlipakodi tuliifunika, na nyuso za mafundi hatukuzirekodi, havihitajiki.

Video isipungue sekunde 30. Yetu ilikaribia dakika mbili. Kama chumba chako hakina kibao cha kudumu, tengeneza kwanza, maana karatasi iliyobandikwa kwa gundi haina nguvu. Hakikisha pia bando linatosha na mtandao umetulia, na usiufunge ukurasa kabla video haijamaliza kupanda. Ukaguzi huweza kuchukua hadi siku 5 za kazi. Katika muda huo usiguse kitu.

Hatua ya tano: picha na saa za kazi

Piga picha mwenyewe mchana, za kazi zilizokamilika na za mlango. Mabango yaliyojaa maandishi na namba za simu usiyaweke. Saa za kazi zibadilishe mwezi wa Ramadhani na siku za sikukuu.

Hatua ya sita: maoni ya wateja

Wasifu hukupa kiungo cha kuombea maoni. Mama mdogo hukituma kwa WhatsApp siku mteja anapochukua nguo yake, angali ameifurahia. Kutoa punguzo au zawadi ili upewe maoni kumekatazwa, na ndugu wasiandike. Jibu kila maoni, hata ya lawama, ukitaja ulichorekebisha.

Kila mwezi fungua sehemu ya takwimu uone maneno yaliyowaleta watu. Tuliyoyakuta sisi yalikuwa "kushona sare", ilhali orodha yetu ya huduma ilitaja magauni na suti pekee. Tukaongeza sare za shule na za shughuli siku hiyo hiyo, na mama mdogo akapiga picha ya sare zilizokuwa mezani zikisubiri vifungo.