Kutoka Karachi hadi Sofia kwa Pikipiki: Panga Makaratasi Kabla ya Kupanga Njia

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kazi yangu ya kila siku ni kuklia mizigo ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba. Mwaka 2019 niliipakia pikipiki yangu, Honda CRF250L yenye namba ya Uganda, melini Mombasa, nikaipokea Karachi, Pakistani, kisha nikaiendesha kupitia Iran na Uturuki hadi Sofia, Bulgaria. Ni zaidi ya kilomita 6,000.

Tangu nirudi, vijana wa pikipiki kutoka Kampala, Mbale, hata Eldoret, hunijia ofisini kuuliza nilifanyaje. Karibu wote huanza na injini na matairi. Mimi huwauliza kwanza: pasipoti yako inaisha lini? Kwa miaka yote niliyokaa mpakani sijaona lori likilala wiki nzima kwa sababu ya injini. Injini ikifa, fundi atapatikana. Yanayolala wiki nzima ni yale yenye karatasi moja iliyokosa muhuri. Na pikipiki yako, ikishavuka mpaka, machoni pa forodha ni mzigo kama mzigo mwingine.

Hatua ya 1: Chora mipaka iliyofungwa kwanza

Chukua ramani na kalamu nyekundu. Kabla ya kuweka alama mahali unapotaka kufika, weka alama mahali ambapo huwezi kupita. Mpaka wa Wagah na Attari kati ya India na Pakistani ulifungwa Aprili 2025. Azerbaijan imekuwa ikiwazuia wasafiri wa nchi kavu tangu 2020. Myanmar haipitiki kirahisi tangu mapinduzi ya 2021. China inakutaka uwe na mwongozaji rasmi na namba za muda, na gharama yake inaweza kumeza bajeti yote ya Mganda wa kawaida.

Mimi nilipita Balochistan, magharibi mwa Pakistani. Leo nisingemshauri mtu apite huko. Machi 2025 treni ya Jaffar Express ilitekwa katika eneo la Bolan, karibu kabisa na barabara niliyoipanda kwenda Quetta. Kama ningeondoka mwaka huu, ningechunguza njia ya kusini zaidi: meli hadi Jeddah, nchi kavu ndani ya Saudi Arabia, kuvuka kuingia Iraq kwa mpaka wa Arar uliofunguliwa tena Novemba 2020, kisha kaskazini hadi mpaka wa Ibrahim Khalil na kuingia Uturuki kwa lango la Habur. Hiyo nayo ina vita jirani yake, kwa hiyo uliza habari za mwezi huohuo unaoondoka. Utaratibu wa kupanga ni uleule, na nitaueleza kwa mfano wa njia niliyoipita mwenyewe.

Hatua ya 2: Hesabu visa kutoka mwisho kurudi mwanzo

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaomba visa ya nchi ya kwanza kwa sababu ndiyo ya karibu, anaondoka, halafu anagundua akiwa njiani kwamba Ulaya inamtaka aombe kutoka nchi anayoishi. Unarudi Kampala kwa ndege, pikipiki imebaki Uturuki.

Anza na Schengen, visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya siku ya kuingia, na lisichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Ukipewa, kikomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Mwaka 2019 Bulgaria ilikuwa nje ya mfumo huo. Tangu 1 Januari 2025 imo kikamilifu, hata kwa mipaka ya nchi kavu, kwa hiyo siku zako zinaanza kuhesabiwa pale pale Kapitan Andreevo unapotoka Uturuki.

Visa ya Schengen ikishakuwa mkononi, kagua tovuti rasmi ya Uturuki: kwa pasipoti kadhaa za Afrika, visa hai ya Schengen hukuruhusu kupata ya Uturuki mtandaoni. Kisha Iran. Visa yake kwa kawaida hukupa miezi 3 ya kuingia tangu itolewe. Nilitaka kuingia 20 Aprili, hivyo visa iliyotolewa mwanzoni mwa Januari ingekufa kabla sijafika mpakani. Niliipokea Februari. Pakistani ikawa ya mwisho kuombwa, ingawa ndiyo ya kwanza kuingia.

Andika tarehe zote kwenye karatasi moja kubwa, ibandike ukutani, na kati ya kila visa acha siku 10 za akiba. Siku hizo 10 ziliokoa safari yangu, nitaeleza.

Hatua ya 3: Pata karneti

Jina lake kamili ni Carnet de Passages en Douane. Anayejua bondi ya mzigo wa transiti ataielewa mara moja: ni dhamana kwamba pikipiki itatoka katika nchi husika bila kuuzwa humo. Ikiuzwa au ikipotea, forodha ya nchi hiyo inadai ushuru kwa aliyetoa karneti, naye anaukata kwenye fedha ulizoweka. Ndiyo maana kiasi cha dhamana hutegemea thamani ya pikipiki na nchi unazopita. Hii ni sababu kubwa ya kwenda na pikipiki ya bei ya wastani. Pikipiki ya kifahari inakufunga hela nyingi kabla hujawasha injini.

Pakistani na Iran zinaidai. Uturuki haidai, inaiandika pikipiki kwenye mfumo wake kwa jina lako, na hutatoka bila hiyo pikipiki. Umoja wa Ulaya humruhusu mkazi wa nje aingie na chombo chake binafsi kwa miezi 6 bila ushuru.

Nairobi, AA Kenya, chama cha wenye magari, hutoa karneti. Waulize mapema kama wataipokea pikipiki yenye namba ya Uganda na kwa masharti gani. Vitabu huwa na kurasa 5, 10 au 25, na hudumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una sehemu tatu: moja hukatwa na forodha ukiingia, moja hukatwa ukitoka, na ya tatu inabaki kitabuni ikiwa na mihuri yote miwili. Usiondoke dirishani kabla hujaiona mihuri kwa macho yako. Afisa akiwa na haraka, msubiri kwa adabu, chukua kiti, kunywa maji. Muhuri mmoja ukikosekana unaweza kukugharimu dhamana yote.

Hakikisha pia logibuku, hati ya umiliki wa pikipiki, iko kwa jina lako mwenyewe. Pikipiki ya kaka yako, hata akikuandikia barua kwa wakili, itakuchelewesha kila mpaka.

Hatua ya 4: Karatasi ndogo zinazosahaulika

Leseni yako iwe na daraja A, la pikipiki. Kibali cha kimataifa cha udereva kipo cha mkataba wa 1949 na cha mkataba wa 1968. Angalia kila nchi inatambua kipi.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Uganda. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano na tangu 2016 cheti ni cha maisha. Ukikaa Pakistani zaidi ya wiki 4, utahitaji pia cheti cha polio ili utoke. Madereva wetu wana kadi nyingine ya njano, ile ya bima ya COMESA. Hiyo haikusaidii katika safari hii. Bima ya mtu wa tatu utainunua mpaka kwa mpaka, na Ulaya ukingoni utauziwa bima ya muda pale pale.

Piga fotokopi 30 za pasipoti na 30 za visa. Zote zitatumika.

Hatua ya 5: Meli

Chai ya Uganda huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na Pakistani ni mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya. Maana yake meli za Karachi zipo mwaka mzima. Nilichangia kontena na mzigo wa mfanyabiashara. Pikipiki ikawekwa kwenye kreti ya mbao: petroli imemwagwa, waya wa betri umefunguliwa, gurudumu la mbele limetolewa ili kreti iwe fupi, kwa sababu unalipia ujazo.

Kosa lililoniumiza lilitokea hapa. Aliyechapa hati ya shehena aliandika herufi O mahali penye sifuri kwenye namba ya chesisi. Mimi, mtu wa makaratasi, niliisoma hati ile mara mbili na sikuliona. Karachi wakalinganisha hati na karneti, hazikufanana, nikakaa siku 9 nikingoja marekebisho kutoka Mombasa huku gharama za kuhifadhi mzigo zikipanda kila asubuhi. Siku 10 za akiba zikabaki moja. Bila hizo, tarehe yangu ya kuingia Iran ingeharibika. Sasa humwambia kila mtu: mpe mwenzako akusomee namba kwa sauti, tarakimu moja moja, nawe uiangalie iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, wala si kwenye logibuku.

Hatua ya 6: Chagua majira

Nilitua Karachi mwanzoni mwa Aprili. Nowruz, mwaka mpya wa Kiirani unaoanza karibu na 20 Machi, ulikuwa umepita. Ofisi nyingi hufungwa karibu wiki mbili wakati huo. Joto la Sindh, jimbo lenye Karachi, lilikuwa halijawa la kuua. Na Erzurum, mashariki mwa Uturuki, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari, theluji ilikuwa inaondoka. Ukichelewa hadi Juni, utaokwa kusini. Ukiwahi Februari, utakwama kaskazini.

Hatua ya 7: Andaa pikipiki, kisha ijaribu Karamoja

CRF250L ina tangi lisilofika lita 8. Kwa mwendo wa taratibu nilipata karibu kilomita 30 kwa lita, kwa hiyo nilibeba jerikani ya lita 5. Balochistan petroli ya magendo kutoka Iran huuzwa kwa madumu kando ya barabara. Ichuje kwa kitambaa safi.

Spea nilizobeba: tyubu mbili za mbele za inchi 21, kwa sababu kwa dharura huingia hata nyuma, cheni na sproketi mpya nilizofunga kabla ya kuondoka, pedi za breki, spoku 6, filta za oili. Waya wa pili wa klachi niliulaza sambamba na ule wa kwanza, nikaufunga kwa tepu. Wa kwanza ukikatika, unahamisha ncha mbili tu na kuendelea. Hilo nilifundishwa na fundi wa bodaboda hapa Malaba, na ni ujuzi bora kuliko kifaa chochote cha bei ghali.

Kisha fanya jaribio la kweli. Funga mizigo yote, kama unaondoka, uende Mbale, Moroto, Kotido hadi Kaabong, urudi. Marram ya Karamoja itakuonyesha bolti gani inalegea na begi lipi ni zito. Mimi nilirudi nikapunguza kilo 11. Rudi kupitia Kapchorwa ulale huko usiku mmoja. Baridi ya Elgon itakwambia kama koti lako linatosha kwa Erzurum.

Hatua ya 8: Pesa

Kadi za benki za nje hazifanyi kazi Iran. Beba dola au euro taslimu za kutosha nchi nzima, noti safi zisizokunjika. Tunajua wenyewe forex za Kampala zinavyokataa noti chakavu. Bei za Iran zinaandikwa kwa rial lakini watu husema kwa toman, na toman moja ni rial 10. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 9: Barabarani

Panga wastani wa kilomita 250 kwa siku na upumzike siku ya nne. Quetta hadi Taftan, mpakani mwa Iran, zaidi ya kilomita 600, mwaka 2019 nilihitaji kibali kutoka Quetta, na walinzi wa Levies, askari wa jimbo la Balochistan, walinisindikiza kituo hadi kituo. Kila kituo niliandika jina kitabuni, nikatoa fotokopi, nikangoja gari la kituo kinachofuata. Nilitumia siku 3, usiku mmoja nikilala kwenye uwanja wa polisi Dalbandin. Walinzi walinipa chai na mkate wao. Usiwakimbie hata wakienda polepole; wao ndio wanaobeba hatari yako.

Pakistani wanaendesha kushoto kama sisi. Ukivuka Taftan, unahamia kulia, na utabaki kulia hadi mwisho. Hatari huwa asubuhi ya siku ya pili, unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Nilibandika mshale mwekundu kwenye tangi, ukielekea kulia.

Hatua ya 10: Funga karneti

Pikipiki ikirudi nyumbani, ipeleke forodha pamoja na karneti, wakague namba ya chesisi na kugonga muhuri kwenye cheti cha mwisho kitabuni kinachothibitisha chombo kiko wapi. Yangu ilirudi kwa meli hadi Mombasa, nikaigongesha hapahapa Malaba, nikakirudisha kitabu kwa waliokitoa. Dhamana hairudi hadi wakipokee.